Kuisikia sauti katika utenzi wa zamani

Tuchukue ubeti wa pili wa Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama akimuusia bintiye:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Kwanza soma kwa sauti, ukihesabu mizani, yaani silabi: 8 kila kipande. Ukipata 7, huenda umeimeza "m" ya kutamka. Hiyo ni silabi kamili. Vina vya -ka vinagonga mara 3, kisha -a ya mwisho inafungua. Hapo ndipo pa kutua.

Pili, jiulize nani anasema, na nani. Hapa ni rahisi, nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, ni mama mwenyewe, Mwana Kupona aliyelitunga. Kwingine usimchanganye nafsineni na mtunzi.

Hisia usiikisie kutokana na mada. Wengi wakiona "maradhi" husoma kwa kilio, na ubeti unaharibika. Tazama sarufi: kitenzi kikuu cha mama ni "sikupata". Ugonjwa umetajwa kama sababu ya kuchelewa, bila hata "ole". Kinachomuuma ni neno ambalo bado hajalisema. Kwa hiyo vipande viwili vya kwanza visomwe kwa utulivu, uzito uanzie cha tatu.

Mtindo nao: "lema" ni Kiamu, lahaja ya Lamu, yaani jema. Usiisanifishe unapoghani. Na kabla ya kuandika kwamba toni ni ya huzuni, soma beti kumi zinazofuata. Toni hubadilika wasia unapoanza.