Namna ya kulisoma soko la Leptis Magna na majengo ya jirani

Magofu ya Leptis Magna yako pwani ya Libya, karibu na mji wa Khoms. Wengi hukimbilia tao la Septimius Severus, mfalme wa Roma aliyezaliwa hapo mwaka 145. Wewe anza na soko, na ubebe futi ya kupimia.

Utalijua kwa mabanda mawili ya duara yaliyosimama katikati ya ua, kila moja likiwa limezungukwa na nguzo kwa umbo la pembe nane. Kisha tafuta jiwe la vipimo, ambalo wageni hulipita kama kipande cha ukuta. Limechongwa urefu wa aina tatu: dhiraa ya Kifoinike (ya Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni), takriban sentimita 51.5, futi ya Kirumi, 29.5, na dhiraa ya Misri, 52.5. Usikadirie kwa macho, maana dhiraa hizo mbili zinapishana sentimita moja tu. Kwa mnunuzi wa kitambaa cha dhiraa 20, hiyo ni sentimita 20 za ugomvi.

Sasa soma maandishi ya Kilatini. Jina Annobal Tapapius Rufus ni la mfadhili, tajiri wa ukoo wa Kifoinike. DE SVA PECVNIA maana yake alilipa kutoka mfukoni mwake. Ili kupata tarehe, tafuta TRIB POT XV: mwaka wa 15 wa mamlaka ya utetezi wa raia (tribunicia potestas) ambayo Augustus, mfalme wa kwanza wa Roma, alianza kuyahesabu katikati ya mwaka 23 KK. Hapa watu hukosea kwa kutoa 15 kwenye 23. Mwaka 23 wenyewe ndio wa kwanza, kwa hiyo wa 15 unaanza katikati ya 9 KK na kuishia katikati ya 8 KK.

Uwanja mkubwa wa Severus ni rahisi zaidi. Ubavuni mwake iko basilika, iliyokamilika mwaka 216 chini ya Caracalla, mwana wa Severus. Basilika hiyo ilikuwa ukumbi wa mahakama na shughuli za umma. Usidanganywe na alama za Kikristo, kwani iligeuzwa kanisa karne ya 6, zama za Justinian, mfalme wa Roma ya Mashariki. Asili yake utaitambua kwa kuta mbili za nusu duara, moja kila mwisho, na nguzo bapa zilizochongwa visa vya Hercules na Dionysos, miungu walinzi wa mji.