Mashine ya Kuondoa Theluji Inapokataa Kubadili Gia

Injini imewaka bila shida, msokoto wa chuma wa mbele unazunguka na theluji inaruka kama kawaida, lakini mkono wa gia umekwama kwenye namba moja na hausogei mbele wala nyuma. Hitilafu hii hujitokeza zaidi asubuhi ya baridi kali, mashine ikiwa imelala nje au kwenye banda lisilo na joto baada ya kazi ya jana yake, na mwenye haraka ya kwenda kazini hukimbilia kuusukuma mkono ule kwa nguvu zake zote. Asifanye hivyo. Mkono wa gia umeunganishwa na sehemu ya chini kwa fimbo nyembamba ya chuma, na fimbo hiyo hupinda kabla kilichonasa hakijaachia.

Nayasema haya kwa sababu fimbo ya mashine yangu niliipinda mwenyewe, majira ya baridi ya kwanza niliyoishi Minnesota, Marekani. Nilidhani meno ya gia yamevunjika, kwa kuwa ndivyo ambavyo ningedhani kuhusu gari. Mzee mmoja wa Mombasa, aliyekuwa fundi wa magari kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku, aliinama, akachungulia, akasema, "Mwanangu, humo ndani hamna giaboksi." Nikamuuliza, "Sasa, mzee wangu, hizi namba sita zinatoka wapi?" Akaniambia nifungue mfuniko wa chini nijionee. Ukielewa kilichomo chini ya mfuniko huo, nusu ya matengenezo umeshayamaliza.

Katika mashine nyingi za nyumbani zenye magurudumu yanayojiendesha, injini huzungusha mkanda, na mkanda huzungusha sahani bapa, ambayo mara nyingi ni ya aluminiamu. Mbele ya sahani hiyo, kwa pembe mraba, husimama gurudumu dogo lenye ukingo wa mpira, ambalo limevishwa kwenye shafti ya pembe sita. Ukibana mkono wa kuendesha ulio kwenye usukani, mpira hugandamizwa kwenye sahani, gurudumu huzunguka pamoja na shafti yake, na nguvu hufika kwenye magurudumu ya chini kwa njia ya mnyororo au meno ya kawaida. Kubadili gia ni kulisogeza gurudumu hilo la mpira kushoto au kulia juu ya shafti. Likiwa karibu na kitovu cha sahani, mashine hutambaa. Likielekea ukingoni, ambako duara ni kubwa zaidi, mashine hukimbia. Likivuka kitovu na kuingia upande wa pili, mashine hurudi nyuma. Namba sita za mbele na mbili za nyuma zilizochorwa kwenye dashibodi ni alama tu za mahali gurudumu linaposimama.

Kwa hiyo gia inapokwama, mara nyingi kilichotokea ni kwamba gurudumu limeshindwa kuteleza juu ya shafti yake, ama kwa barafu, ama kwa kutu, ama kwa grisi iliyoganda. Maji ya theluji iliyoyeyuka hupenya kwenye mianya ya mwili wa mashine, hukaa juu ya shafti, na usiku halijoto ikishuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi huwa barafu. Yasipoganda, hubaki hapo na kuzalisha kutu majira yote ya joto, wakati mashine imesahaulika pembeni.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mashine yako ni ya aina hii. Zipo zinazoendeshwa kwa mafuta ya haidroli, ambazo mkono wake wa mwendo huteleza taratibu bila vituo vya namba, na zipo chache, hasa za zamani, zenye giaboksi halisi iliyofungwa kwa bolti pande zote. Katika hizo mbili, kazi ya mtu wa nyumbani huishia kwenye fimbo na viungo vya nje. Ukishaona kwamba viungo hivyo viko sawa na gia bado haisogei, mpelekee fundi mwenye vifaa vyake.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kuigeuza mashine. Zima injini, chomoa ufunguo, kisha vua waya wa plagi na uuweke mbali na plagi yenyewe. Fuatilia fimbo ya gia kutoka kwenye dashibodi hadi inapoungana na mkono mdogo wa chuma ulio nyuma au ubavuni mwa mashine, chomoa pini ndogo inayoishikilia, na uitenganishe. Sasa jaribu mkono wa gia peke yake. Ukibaki mgumu, tatizo liko juu: kwenye egemeo la mkono huo, kwenye springi yake, au kwenye mfereji wa dashibodi uliojaa barafu. Ukisogea kwa ulaini, basi geukia ule mkono mdogo wa chini na uusukume kwa kidole. Hapo utatambua kama ugumu unatoka ndani. Usisahau pia kuliangalia egemeo la mkono huo mdogo, kwa kuwa liko nje kabisa, linarushiwa matope yenye chumvi ya barabarani, na nimeona zaidi ya mara moja mtu akifungua mashine nzima wakati kutu yote iko hapo, mahali pa kutibiwa kwa matone matatu ya mafuta.

Kipimo cha pili ni joto. Iweke mashine kwenye chumba chenye joto kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha, kisha ujaribu tena. Baadhi ya mabanda ya Marekani na Kanada huwa na hita ya maji inayotumia gesi na yenye mwali mdogo usiozimika, na mvuke wa petroli hutambaa sakafuni hadi kuufikia. Kama banda lako lina hita ya namna hiyo, toa petroli yote kwenye tangi ukiwa nje kabla ya kuiingiza mashine. Usitumie moto wa wazi kuyeyusha barafu, na usiwashe injini ndani ya banda hata mlango ukiwa wazi, kwa kuwa moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu na inayoua. Gia ikilegea baada ya kupata joto, umejua kwamba adui ni maji. Usishangilie mapema, lakini. Maji hayo bado yamo ndani, na baridi ya kesho itayagandisha upya usipoyakausha.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Petroli ikiwa imetolewa na waya wa plagi umevuliwa, mwombe mtu akusaidie kuinua usukani na kuisimamisha mashine juu ya mdomo wake wa mbele, ili tumbo lake likutazame. Hakikisha imetulia na haiwezi kuanguka, kisha fungua bolti za mfuniko wa chini. Kwa kawaida huwa chache. Andaa tochi, brashi ya waya, msasa laini, vitambaa safi na mfuko wa plastiki. Piga picha ya kila kitu kabla hujagusa, kwa sababu springi na washa ndogo husahaulika upesi mahali zilipotoka.

Jambo la kuangalia kabla ya yote ni kama mpira umeachana na sahani. Mkono wa kuendesha ukiwa umeachiwa, lazima pawe na mwanya mdogo kati yao, na kipande cha karatasi ngumu kipite bila kukwaruza. Kama mpira bado umeng'ang'ania sahani, gia haitabadilika hata shafti ingekuwa safi kama kioo. Sababu huwa ni kebo ya mkono wa kuendesha iliyokazwa kupita kiasi, kebo iliyoganda ndani ya ala yake, au springi ya kurudishia iliyokatika. Legeza nati ya kurekebishia kebo kidogo kidogo mpaka mwanya uonekane, kisha bana mkono na uhakikishe kwamba mpira unaishika sahani vizuri, maana kebo iliyolegea mno italeta kasoro nyingine ya mashine kuteleza bila kwenda.

Mwanya ukiwepo, lishike gurudumu la mpira na ulisogeze kwa mkono juu ya shafti. Likigoma, funika sahani na ukingo wa mpira kwa mfuko wa plastiki, kisha paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye shafti kwa brashi ndogo au kitambaa. Sipendekezi kupuliza kwa kopo, ingawa ndilo jambo la kwanza ambalo kila mtu hulifikiria, kwa kuwa matone yakifika kwenye mpira au sahani, msuguano unaoiendesha mashine hupotea. Subiri. Dakika 15 ni chache. Saa nzima ni bora, na kutu ya miaka huhitaji kupakwa tena na kusubiriwa zaidi. Baadaye zungusha magurudumu ya chini kwa mkono huku ukilisukuma gurudumu la mpira huku na huko, na likihitaji kusaidiwa, weka kipande cha mbao kwenye kitovu chake cha chuma na ugonge kwa nyundo taratibu. Usigonge ukingo wa mpira wala ule uma wa chuma unaolishika na kulisogeza gurudumu, kwa sababu uma huo ukipinda, gia zitakuwa hazifiki mwisho.

Likianza kusogea, lisukume hadi upande mmoja, usugue sehemu ya shafti iliyobaki wazi kwa brashi na msasa, ulirudishe, na usugue upande wa pili. Sugua bapa zote sita, kwa kuwa kovu moja la kutu linatosha kulikwamisha gurudumu mahali pale pale kila siku. Futa vumbi lote. Kisha paka utando mwembamba wa kilainishi ambacho kitabu cha mashine yako kimekitaja. Kuna wanaotaka mafuta mepesi ya injini na kuna wanaotaka grisi maalumu ya baridi. Grisi nzito ya beringi za magari, ile inayofanya kazi vizuri Dar es Salaam, haifai hapa, kwani kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri huwa ngumu kama nta na kulinasa gurudumu upya. Wingi nao ni kosa: kinachozidi hurushwa juu ya mpira shafti inapozunguka.

Ukiwa humo ndani, zungusha shafti na usikilize beringi za ncha zake. Ikiwa inakwaruza au inacheza ukiitikisa, beringi imekwisha, na shafti iliyokaa upande hulibana gurudumu hata bila kutu. Angalia pia mpira. Ukiwa umepasuka, umemeguka, au umelika kiasi cha chuma kinachoushikilia kukaribia kuigusa sahani, ubadilishe sasa, kwa kuwa chuma kikigusana na sahani kitaichora, na sahani ni ghali kuliko mpira. Nunua kwa kufuata namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha mwili wa mashine. Kipimo cha macho hudanganya. Hatimaye futa sahani na mpira kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia, uache vikauke, urudishe mfuniko na uisimamishe mashine kwenye magurudumu yake.

Kilichobaki ni fimbo. Kama ilipinda, inyooshe juu ya meza bapa au ununue nyingine. Weka mkono wa gia kwenye namba ambayo kitabu kimeitaja kwa ajili ya marekebisho, sukuma mkono mdogo wa chini hadi mahali unapopaswa kuwa kwa namba hiyo, kisha zungusha kichwa cha fimbo chenye uzi mpaka kiingie kwenye tundu lake bila kuvutwa wala kusukumwa. Ukilazimika kukivuta ili kiingie, bado hujapata kipimo. Rudisha pini.

Angalia kiwango cha mafuta ya injini, kwa kuwa mashine ilikuwa imesimama kichwa chini, weka petroli, rudisha waya wa plagi na uiwashie nje. Pita kila gia, ukianza na namba moja hadi ya mwisho, kisha kinyumenyume, ukiuachia mkono wa kuendesha kila unapobadili. Wengi hubadili gia mpira ukiwa bado umegandamizwa kwenye sahani, na tabia hiyo hula mpira na kupinda fimbo hata kwenye mashine mpya.

Baada ya kila kazi ya theluji, ipangusie mashine theluji iliyobaki, iache injini iendelee kidogo ukiwa nje, na uipitishe gia zote mara mbili tatu ili maji yasitulie sehemu moja ya shafti. Kama una kawaida ya kuiweka kwenye banda lenye joto, itoe nje ipoe kabla ya kuanza kazi, kwa sababu theluji inayogusa chuma chenye joto huyeyuka, huingia ndani ikiwa maji, na huganda mara chuma kinapopoa. Mimi hufungua mfuniko wa chini kila mwezi wa Aprili, theluji ya mwisho ikishayeyuka, nikaipangusa shafti na kuipaka mafuta kabla kutu haijapata miezi yake sita ya kufanya kazi. Huchukua chini ya saa moja, na fimbo ile niliyoipinda bado ninayo, imening'inia ukutani juu ya meza ya kazi.