Muswada wa mipaka wa Kanada: anza na tarehe uliyoingia mara ya kwanza

Kama uko Kanada kwa viza ya masomo, kazi au matembezi na unafikiria kuomba hifadhi, tafuta kwanza tarehe moja: siku uliyoingia nchini humo kwa mara ya kwanza baada ya 24 Juni 2020. Muswada C-2 uliwasilishwa bungeni Ottawa tarehe 3 Juni 2025 kwa hoja ya kulinda mpaka na kupambana na magenge ya uhalifu. Ndani yake kulikuwa na kanuni kwamba dai la ukimbizi linalofunguliwa baada ya mwaka mmoja kupita tangu siku hiyo halipelekwi tena kwenye Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, IRB. Oktoba 2025 kanuni hiyo ilihamishiwa muswada C-12, ambao baraza la chini la bunge liliupitisha Desemba mwaka huo na kuupeleka Seneti. Hatua ambayo muswada huo umefikia, au kama umeshakuwa sheria, inaonekana bure kwenye ukurasa wa bunge uitwao LEGISinfo. Andika C-12 kwenye kisanduku cha kutafutia.

Hesabu ya mwaka ndiyo inayowaangusha wengi. Chukua mwanafunzi aliyetua Toronto tarehe 12 Agosti 2021, akarudi nyumbani 2023, kisha akaingia tena Januari 2025. Akifungua kesi Oktoba 2025 ataona amekaa miezi tisa tu, lakini muswada unahesabu kuanzia 2021. Kutoka na kurudi hakuianzishi saa upya. Tena kanuni inarudi nyuma: inagusa madai yote yaliyofunguliwa kuanzia 3 Juni 2025. Kwa hiyo ule ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba ukiwahi kabla sheria haijasainiwa umepona, ni wa hatari.

Usitegemee kumbukumbu wala muhuri wa pasipoti, maana viwanja vingi vya ndege hupitisha watu kwenye mashine bila kugonga muhuri. Omba taarifa ya historia ya safari zako kutoka CBSA, idara ya mpakani, kwa njia ya Sheria ya Faragha. Ombi la namna hiyo halina ada, na idara inatakiwa kujibu ndani ya siku 30, ingawa inaweza kujiongezea muda. Linganisha tarehe za taarifa hiyo na tiketi zako kabla hujajaza fomu yoyote. Tarehe zikigongana, ofisa huanza kutilia shaka hata yale ambayo ni kweli.

Anayekosa IRB hafukuzwi papo hapo. Anabaki na tathmini ya hatari kabla ya kuondolewa, ambayo mawakili huiita PRRA. Huamuliwa na ofisa wa uhamiaji, na anayeshinda hupata ulinzi na anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Fomu ni IMM 5508, na huwezi kuvuta siku: ukishaarifiwa una siku 15 za kuituma, na jumla ya siku 30 za kuleta maelezo na ushahidi wa maandishi. Ukiituma ndani ya zile 15, safari ya kuondolewa husimama mpaka uamuzi utoke. Ukichelewa, ombi linaweza kupokewa lakini haliizuii ndege. Ndiyo maana hati za polisi, barua za hospitali na vyeti vya nyumbani vikusanywe na kutafsiriwa mapema, si baada ya barua kufika.

Waliovuka kwa miguu kutoka Marekani nje ya vituo rasmi walikuwa na mwanya wa kuomba hifadhi wakishamaliza siku 14 tangu waingie. Muswada unauziba.

Mshauri unayemlipa awe wakili aliye kwenye orodha ya chama cha mawakili cha jimbo lako, au mshauri mwenye leseni ya uhamiaji. Kwa kesi za IRB leseni ya mshauri huyo iwe RCIC-IRB, daraja linalomruhusu kukuwakilisha mbele ya bodi hiyo. Mwombe namba, itafute mwenyewe kwenye rejesta, na dai risiti. Ukikuta anakuandikia stori ambayo si yako, ondoka na pasipoti yako mkononi.

Pesa nazo zimeguswa. C-2, ule muswada wa kwanza, ulipendekeza kukataza malipo ya taslimu ya dola 10,000 au zaidi kwa biashara, na kuzuia mtu kuweka taslimu kwenye akaunti ya mwingine. Hapo vyama vyetu na michango ya misiba vinanaswa moja kwa moja, kwa kuwa mhazini hupelekewa noti na kila mtu. Fungueni akaunti kwa jina la chama na mchangie kwa Interac, huduma ya kutumiana pesa kielektroniki kati ya akaunti za benki. Msigawanye kiasi kikubwa vipande vipande: benki hutakiwa kuripoti muamala wa kutiliwa shaka hata ukiwa mdogo.

Uwanja wa ndege hakuna kikomo cha pesa. Kinachotakiwa ni kutangaza ukiwa na thamani ya dola 10,000 za Kanada au zaidi, unapoingia na unapotoka, hundi zikiwemo. Fomu ya msafiri ni E677.

Na miraa, au mirungi, isifungwe kwenye kifurushi chochote. Inauzwa wazi Maua na Nairobi, lakini nchini Kanada miraa imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na kuiingiza ni kosa la jinai linaloweza kukufungia mlango wa uhamiaji.