Makofi kabla ya herufi: michezo ya kumfungua mtoto masikio, macho na ulimi

Dada yangu alinijia jioni moja na mwanawe wa miaka minne na nusu, mkononi ameshika daftari la chekechea. Mwalimu wake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hatambui sauti ya kwanza ya neno." Mimi hufundisha watoto wadogo hapa Lamu, basi nikajiona mjuzi. Nikamwambia, "Niachie kila baada ya alasiri, wiki moja tu."

Ilituchukua wiki tano, na tatu kati ya hizo nilizipoteza mimi, mtoto hana kosa. Nimeandika hapa tulivyofanya, kwa yeyote aliye na mtoto wa miaka 3 hadi 6 nyumbani.

Vifaa

Sinia, kanga, kikapu cha ukili, na vitu vya jikoni. Basi. Zile kadi za plastiki zinazouzwa madukani mimi sizitaki: zimejaa picha za matufaha na mtu wa theluji, na mtoto wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, hajapata kuvigusa vitu hivyo. Atakariri jina tu, neno halitakuwa na harufu wala uzito. Simu nayo iweke mbali. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Mimi katika michezo hii siiweki hata dakika moja, maana simu haimsubiri mtoto atafute neno.

Komwe, zile mbegu za kuchezea bao, ni nzuri kwa kuhesabia, lakini kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 3, zifiche. Huzitia mdomoni, na hata puani.

Hatua ya 1: Jua kama anasikia

Simama nyuma yake, mnong'oneze umwombe kitu. Asipogeuka mara kadhaa, au sikio likiwa linatoa usaha, michezo isubiri. Hospitali kwanza.

Hatua ya 2: Baraza la masikio

Kaeni kwenye baraza la nje, mfumbe macho, uhesabu mpaka 30 moyoni. Kisha mwulize: umesikia nini? Vichochoro vyetu havipitishi gari, kwa hivyo sauti ndogo ndogo husikika vizuri: kwato za punda, fundi anapiga randa, boti inawasha mashine, mtu anaburura ndala. Usiridhike na "punda". Alikuwa anakuja au anakwenda? Upande gani? Mmoja au wawili?

Ukimaliza, mgeuze uso ukutani na uangushe vitu. Kokoto ndani ya ndoo ya maji: chubwi! Embe kwenye mchanga: pu! Kitambaa kibichi kinachodondosha maji: ndo, ndo, ndo. Yeye aseme ni nini kimeanguka na kimeangukia wapi. Mpwa wangu aliupenda mchezo huu hata dada akalalamika kuhusu maembe.

Hatua ya 3: Kimepotea nini?

Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu ukutani, na sijaona kifaa bora kuliko hicho. Weka kitu kimoja katika kila kidaka, mtoto atazame, afumbe macho, wewe uondoe kimoja. Kama nyumba yako haina zidaka, tumia sinia na kanga ya kufunikia. Anza na vitu vitatu. Akivipata mara tatu mfululizo, ongeza kimoja.

Majina yawe kamili: upawa, mwiko, kifumbu, kata, mbuzi ya kukunia nazi. Akisema "kile", mwulize kile kinafanya kazi gani. "Kinachuja tui." Hapo umepata sentensi, nawe mpe jina: kifumbu.

Hatua ya 4: Mkono kikapuni

Tia vitu kikapuni, funika kwa kanga, aingize mkono bila kuchungulia. Kombe la pwani, jiwe, kijiko, kipande cha kamba ya nazi. Siku nyingine fumba macho yake umnusishe iliki, mdalasini, karafuu, asumini.

Hapa ngeli hujifundisha zenyewe. Atasema "kijiko mzito". Usimkatize wala usimwambie amekosea. Jibu tu, "Ehe, kijiko kizito. Na jiwe je?" Jiwe zito, mwiko mzito, kijiko kizito: baada ya siku chache utamsikia anajirekebisha mwenyewe.

Hatua ya 5: Makofi

Hapa ndipo nilipokwama, kwa hivyo nivumilieni.

Nilikuwa nimeuchukua mchezo wa "neno linaanza na sauti gani?" jinsi unavyochezwa na watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza. Nikamwuliza:

"Neno bata linaanza na nini?"

"Ba."

"Hapana. B."

"Ba, Mjomba."

"B! Funga midomo. B!"

"Bə," akajaribu kuniridhisha, kisha akaingia chini ya kitanda asitoke mpaka magharibi.

Tuliendelea hivi kwa wiki tatu, nami namwona mzito. Kumbe mtoto alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa sisikii. Kiswahili kinakwenda kwa silabi, na silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Mtoto wa Kiswahili anasikia "ba", ni kitu kizima kwake. Kumtaka aitoe "b" peke yake kabla hajazijua silabi ni kama kumtaka akupe maji bila kikombe.

Kwa hivyo anza na makofi, kofi moja kwa kila silabi. Ba-ta. Pa-ka. Ki-ti. Kisha matatu: sa-ma-ki. Kisha manne: ki-be-ri-ti. Asiyependa makofi aruke, au atie komwe kwenye mashimo ya bao, silabi moja shimo moja. Mimi napendelea bao, kwa sababu makofi yakiisha hayaonekani, lakini komwe zinabaki na mnaweza kuzihesabu tena mkibishana.

Na mtabishana. Mambo haya ndiyo yaliyotusumbua:

M inayosimama peke yake ni kofi zima. M-tu, makofi mawili. M-pi-ra, matatu. M-la-ngo, matatu. Lakini mbuzi ni mbu-zi, mawili tu, kwa sababu m pale imeegemea b. Hali kadhalika ndi-zi, nya-nya, ngo-ma.

Halafu anakuja mbu. Mimi nilipiga kofi moja, mtoto akapiga mawili. Nikamwambia hapana. Tukarudia jioni nzima, na bado naona haya kuikumbuka, maana yeye ndiye aliyepatia. M-bu, n-chi, m-bwa, n-ge: mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno haya yakibaki na silabi moja hayana pa kuuweka, kwa hivyo m au n inapanda kuwa silabi na mkazo unaikalia yenyewe. Litamke "mbu" polepole utasikia. Ndiyo maana nasema usiandike chochote katika hatua hii. Kwenye karatasi mbu na mbuzi vinaanza sawa, lakini sikioni ni mbali.

Irabu mbili ni makofi mawili: ta-a, cha-i. Mwa na kwa ni kofi moja: mwa-na, kwa-le. Maneno kama labda na daftari yaache hadi mwisho, yana konsonanti isiyo na irabu katikati na yatamvuruga bure.

Jambo jingine ni Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Mtoto akisema mato badala ya macho, au ndia badala ya njia, mpigie makofi yale yale na uendelee. Kiswahili sanifu atakipata shuleni. Mtoto anayekatizwa kwa neno la mama yake hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza huna la kumfundisha.

Makofi yakikaa sawa, mwulize lipi si la ukoo: bata, bati, kiti. Kisha mwisho wa neno: paka, taka, bibi. Baada ya hapo tu ndipo mpange ba, be, bi, bo, bu mkitazama midomo kwenye kioo. Siku hiyo mpwa wangu alisema mwenyewe, "Mjomba, mdomo unafunga kila mara." Hiyo ndiyo b niliyoilazimisha wiki tatu.

Hatua ya 6: Badilisha kidogo

Panda, penda, pinda, ponda, punda. Kila neno na kitendo chake: kwea ngazi, kumbatia, kunja waya, twanga, lia kama punda. Wewe taja, yeye atende, kisha mbadilishane. Baadaye kalamu na karamu, mahali na mahari. Kwetu pwani mna na jozi ambazo maandishi hayazionyeshi: kaa la moto na kaa wa baharini, paa la nyumba na paa wa mwituni, yule mnyama akitamkwa kwa pumzi. Waachie bibi zake kazi hii. Ulimi wangu umeshaharibika Nairobi.

Hatua ya 7: Vitendawili na kinyume

Kitendawili kimoja kila usiku kabla ya kulala. Kuanzia miaka 6 hivi, au mapema akichangamka, mfundishe kinyume, ile lugha yetu ya utotoni ya kutanguliza silabi ya mwisho: maji huwa jima, samaki huwa kisama. Asiyezijua silabi hakiwezi.

Wetu hakungoja miaka 6. Juzi nilipita Mkunguni, nikamsikia ananiita mbele ya wazee waliokaa barazani: "Mbamjo! Mbamjo!" Nikapiga makofi kimoyomoyo kuhakikisha. M-jo-mba. Hakuiangusha ile m.