Jinsi ya kupanda Mlima Brocken kwa garimoshi la mvuke

Mpenzi wa reli aliyezoea kuziona injini za mvuke zikiwa zimetulia katika makumbusho ya reli ya Nairobi atazikuta zikifanya kazi katika milima ya Harz, nchini Ujerumani, ambako hupandisha abiria kutoka Wernigerode hadi karibu na kilele cha Brocken. Reli hiyo ina upana wa mita moja, sawa na ile ya zamani ya Mombasa na ile ya kati ya Dar es Salaam na Kigoma. Injini nyingi zinazotumika ziliundwa Babelsberg kati ya mwaka 1954 na 1956, na kwa umri huo zinastahili kutazamwa kwa makini na heshima.

Siku moja kabla ya safari, uliza kama treni yako itavutwa na mvuke, kwa sababu wakati wa ukame injini ya dizeli huweza kuchukua nafasi yake ili cheche zisiwashe msitu. Fika Wernigerode angalau saa moja kabla ya kuondoka. Usikimbilie kiti, nenda kwanza ukaitazame injini ikiandaliwa, fundi akipita na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, akitia tone hapa na tone pale kwenye viungo vya magurudumu, huku joto la boila likikufikia usoni ukiwa umesimama kando.

Wakati wa kupanda, chagua behewa la kwanza nyuma ya injini, ambalo ndilo lenye sauti nzuri kuliko yote. Mabehewa yana vibaraza vya wazi kwenye ncha zake, nawe unaweza kusimama hapo, lakini vaa miwani, kwani chembe za makaa hurushwa na dohani na jicho moja likiumia safari imeharibika. Nguo nyeupe ziache nyumbani.

Kwenye stesheni ya njiani ya Drei Annen Hohne injini hunywa maji. Muda ukiruhusu shuka uone tangi likijazwa, kisha urudi upesi, maana kuanzia hapo reli ya Brocken hujitenga na njia kuu na mteremko hufikia mita 1 kwa kila mita 30. Sikiliza pumzi ya injini inavyokuwa nzito na ya kuhesabika, pigo kwa pigo, hasa baada ya stesheni ya Schierke, ambapo mtia makaa hapati nafasi ya kupumzika.

Stesheni ya juu iko mita 1,125 kutoka usawa wa bahari. Ukungu hutanda huko zaidi ya siku 300 kwa mwaka, basi chukua koti zito hata mwezi wa Julai. Kabla ya kwenda kutazama mandhari, baki jukwaani uone injini ikizunguka na kufungwa upande wa pili wa mabehewa: behewa lako la kwanza sasa litakuwa la mwisho, na kutoka kibaraza chake cha nyuma utaiona reli ikijikunja kuuzunguka mlima.