SOMO: Sensa za rivasi zimekufa au zinalia ovyo? Sikiliza kwanza, dukani utaenda baadaye

Mbukwenyi wakuu. Sensa za rivasi ni vile vidude vya duara kwenye bampa ya nyuma, kwa kawaida vinne, vinavyokupigia mlio ukirudi nyuma karibu na kitu.

Juzi kwa siku moja nimepigiwa simu tatu, swali lilelile: "Nikiingiza rivasi gari linapiga mlio mmoja mrefu halafu kimya, ninunue sensa gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtupia huku. Mimi si fundi wa kusomea. Nina Passat ya 2006 ambayo imenisomesha kwa lazima hapa Dodoma.

Mlio mrefu kisha kimya, kwa gari nyingi za Kijerumani, maana yake mfumo umejipima ukakuta kasoro. Sensa moja ikizingua, nyuma kote kunazimwa. Kwa hiyo usikimbilie kununua zote nne.

1. Osha bampa, futa kila sensa kwa kitambaa kibichi. Vumbi letu jekundu likionja maji kidogo linaganda kama simenti.

2. Taa ya rivasi inawaka? Kama haiwaki, anzia hapo. Sensa za kufungiwa mtaani kwa kawaida zinachukua umeme kwenye waya wa taa hiyo.

3. Sikiliza. Injini IZIMWE, swichi uwashe bila kupiga stata, hendibreki juu, mawe kwenye tairi, ndipo uingize rivasi. Zunguka nyuma utege sikio sensa moja moja. Iliyo hai inapiga tik-tik-tik kama saa ya ukutani iliyo chumba cha pili. Ukiigusa kwa ncha ya kidole inakutekenya kidogo. Iliyokufa ni bubu. Fanya usiku, mchana upepo wa huku hausikilizishi kitu. Na asitokee mtu akachuchumaa nyuma ya gari linalounguruma likiwa rivasi, nimeshaona kijana anafanya hivyo.

4. Hamisha. Ile bubu ibadilishane nafasi na jirani yake, weka tepu usichanganye. Ububu ukihama nayo, sensa imekufa. Ukibaki palepale, ni waya au plagi: chomoa, tafuta kutu ya kijani kwenye pini, kunja waya taratibu karibu na plagi uone kama umekatikia ndani.

5. Rangi. Hapa ndipo nilipoliwa. Nilipeleka bampa kwa fundi wa bodi na sensa mpya ndani ya kimfuko, nikamwambia apige zote rangi moja. Akapiga praima, rangi mikono minne, na klia (ile ya kung'arisha isiyo na rangi) juu. Zilipendeza! Kufunga, mlio wa moja kwa moja kana kwamba kuna ukuta, na nyuma yangu ni uwanja mtupu. Nikanunua sensa ya mtumba, nikalipia kupimiwa kwa mashine, hakuna jipya. Siku moja nikakwangua ukingo kwa kucha, ganda likabanduka zima, nene kama vocha. Ya pili nikaikwangua kwa kisu, nikaiua. Halafu kuna ile pete laini ya mpira inayoitenga sensa na kishikio chake: fundi aliiona takataka akaitupa, akajaza silikoni. Sensa ikawa inatikisa bampa zima.

Basi: rangi nyembamba, usoni tu, bila praima nene, ubavuni pasiguswe. Pete irudi. Alama ya juu ikae juu, ukiipindua itakuwa inapima ardhi. USIKWANGUE uso kwa kisu wala msasa.

MASWALI

Dereva wa Ihumwa: Mkuu yangu inalia tu, tatizo nini?

Mwandishi: Namba 1 hadi 5.

Dereva wa Ihumwa: Nimeuliza kistaarabu tu kaka.

Mwandishi: Nami nimejibu. Gari gani, inalia vipi, umesikiliza sensa? Sipigi ramli.

Mama Nzuguni: Asante kwa somo kaka. Mbona yangu vumbi kavu haliisumbui, ila asubuhi baada ya mvua inalia mpaka nifute?

Mwandishi: Swali zuri dada. Uso wa sensa ni kama ngozi ya ngoma. Inapiga sauti ya kama mitetemo 40,000 kwa sekunde (sikio letu linaishia kama 20,000, wewe unasikia tik ya kuanza tu), kisha inatulia isikilize mwangwi. Kitu kikiwa mita moja nyuma, mwangwi unarudi ndani ya sekunde 0.006 hivi. Tone au tope likikaa usoni, ngoma inachelewa kutulia, inajisikia yenyewe, inadhani kuna ukuta. Rangi nene ilinifanyia hivyohivyo.

Mzee wa Semi: Ndiyo maana nikisimama jirani na lori likaachia upepo wa breki, kigari changu kinapiga kelele?

Mwandishi: Hiyohiyo mzee. Upepo ule una sauti za juu ambazo sensa inazisikia.

Kijana wa Kikuyu: Kwani hata ndoano ya tela inaonekana? Nimefunga juzi.

Mwandishi: Inaonekana sana. Ivue ujaribu tena.

Mama Nzuguni: Nyongeza kwa wanaohamia viwanja vipya: sensa haioni korongo wala mtaro. Mimi ilikuwa kimya kabisa, tairi likazama.

Mwandishi: Pole sana dada. Kweli, shimo halirudishi mwangwi. Hata nguzo nyembamba inaweza kupita katikati ya sensa mbili.

Dereva wa Ihumwa: Nimerudi. Passat ya 2007, mlio mrefu halafu kimya. Nimesikiliza usiku, ya kulia kwa ndani ni bubu. Nimeihamisha, ububu umebaki palepale.

Mwandishi: Sasa tunaongea lugha moja kaka. Sensa yako nzima, hela yako iache mfukoni. Chomoa plagi ya hapo, utakuta waya tatu. Swichi ikiwa imewashwa na gia rivasi, weka tester (kipima umeme) kati ya waya wa moto na wa hasi. Gari nyingi inasoma volti 8 hadi 12. Ikisoma sifuri, fuata waya kuelekea buti. Ukikuta ukijani, piga picha uniwekee hapa kabla hujakata chochote.