Namna ya Kuwa Shabiki wa Kufa na Kuzikana wa Chuo Ambacho Hukukisomea

Kwanza tafuta mtu, usitafute timu. Wengi hukosea hapo. Hufungua simu, hutazama nani kabeba vikombe vingi, huchagua kama anayechagua nyanya sokoni, na baada ya miezi miwili hawakumbuki hata rangi ya jezi.

Mtu wangu nilimpata mlangoni. Mwaka 2007 nilikuwa kyeyo, kama tunavyoziita sisi Waganda kazi za ughaibuni. Nilikuwa Iraq, kambi ya Al Asad, pamoja na Waganda wengine tuliopelekwa kulinda kambi za Wamarekani. Zamu yangu ilikuwa mlango wa mesi: kutazama vitambulisho, kuhakikisha bunduki haina risasi chemba, kumtakia mtu chakula chema. Aliyetusimamia alikuwa sajini mrefu, mpole, mwenyeji wa jimbo la Michigan. Kila Jumapili asubuhi alikuja na habari za mpira wa jana yake. Si mpira wetu huu wa miguu, ni ule wao wa umbo la yai, wa kubebwa mkononi na kuangushana. Na hakuzijali timu za kulipwa. Yeye alikuwa na chuo chake tu, Chuo Kikuu cha Michigan.

Jumapili ya tarehe 2 Septemba alikuja kimya. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha mlangoni, nani kafa nyumbani? Akajibu: "Tumefungwa na Appalachian State."

Ilinibidi nielezwe. Michigan ilikuwa nafasi ya 5 Marekani nzima. Appalachian State ilitoka daraja la chini, imealikwa kufungua msimu, imekuja kama ng'ombe anayepelekwa Eid. Ikashinda 34–32. Zikiwa zimebaki sekunde chache Michigan walipiga teke la kuwaokoa, likazuiwa kwa mikono. Uwanja wa watu zaidi ya 100,000 ukawa kama msiba. Mimi mechi hiyo sikuiona. Niliiona usoni mwa yule sajini, na nakuambia ilitosha.

Nikamuuliza, ulisoma pale? Hapana, hata siku moja. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha magari, naye hakusoma pale. Ila alipokuwa na miaka saba baba alimshika mkono akampeleka uwanjani, wakala karanga, wakarudi nyumbani. Basi. Na bado alisema "tumefungwa", hakusema "wamefungwa".

Hilo nililielewa kabla hajamaliza sentensi, maana na mimi nina timu ya namna hiyo. Baba yangu alikuwa dereva wa jeshi, na Kiswahili hiki tulikinyonya kambini. Timu yake ilikuwa Simba ya Uganda, timu ya jeshi, iliyofika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972 ikafungwa mara zote mbili na Hafia ya Guinea, 4–2 kisha 3–2. Nilikuwa na umri wa mwaka mmoja, lakini mabao hayo najua yalivyoingia, kwa sababu mzee aliyasimulia mpaka anaingia kaburini. Simba hakuichagua. Aliandikishwa jeshini, akaikuta. Timu ya chuo nayo ni hivyo hivyo: unaikuta nyumbani, au unaikuta pale unaposoma, au inakukuta wewe mlango wa mesi. Arsenal ndiyo unaichagua, na ndiyo maana watu wa Arsenal wanahama kibanda changu cha kuonyeshea mpira wakifungwa mara tatu.

Kuna wanaotaka njia ya mkato, ya damu. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye kule alinishauri nishike Boston College, kwa kuwa hapo alicheza Mathias Kiwanuka kabla ya kwenda timu ya kulipwa ya New York Giants mwaka 2006. Huyu ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wetu wa kwanza. Nikajaribu kweli. Nilifuatilia matokeo yao msimu mzima, haikushika. Nilimfurahia Kiwanuka, nikajivunia jina, lakini walipofungwa nililala usingizi mzuri. Tena jina hilo mimi hunipeleka pengine kabisa. Mwaka ule ule wa 1972 wa fainali ya Simba ndio Ben Kiwanuka, akiwa Jaji Mkuu, alikamatwa Mahakama Kuu na wanajeshi, asirudi tena. Baba aliweza kuongea usiku kucha juu ya mpira wa mwaka ule. Ya mengine ya mwaka ule alinyamaza.

Sasa sheria, na sitakuchosha. Fikiria lori limekwama matopeni. Mna nafasi 4 za kulisukuma yadi 10. Likifika, mnapewa nafasi nyingine 4. Lisipofika, mnawaachia wenzenu nao wasukume kuelekea upande wao. Mkilifikisha mwisho wa uwanja ni pointi 6, na teke la nyongeza pointi 1. Mkikwama karibu mnaweza kupiga teke lipite katikati ya nguzo, pointi 3. Kota nne za dakika 15, lakini saa inasimamishwa kila mara, kwa hiyo jiandae kukaa saa tatu na zaidi. Mengine yote utayajua ukimkasirikia mwamuzi. Kama jicho lako bado linasumbuliwa na mpira wa yai, nenda kwanza ukatazame raga: ukiwa Jinja wapo Hippos pale Dam Waters, ukiwa Kampala wapo Impis wa Makerere. Si mchezo mmoja, ila utazoea kuona wanaume wakirundikana bila kuogopa kwamba kuna aliyekufa chini.

Jambo linalowashinda wengi ni saa. Mechi huchezwa Jumamosi, kuanzia mwisho wa Agosti. Inayoanza saa sita mchana kule Michigan, huku ni saa moja jioni. Ya saa tisa na nusu alasiri, huku ni saa nne na nusu usiku. Ya saa moja na nusu usiku ndiyo muuaji: huku ni saa nane na nusu usiku, na itakwisha muadhini ameshaadhini. Halafu mwanzoni mwa Novemba wao wanarudisha saa zao nyuma, kwa hiyo huku kila kitu kinasogea saa moja mbele. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo, nikakaa saa nzima nikisikiliza matangazo ya bima za magari.

Nimesema kusikiliza, na ndiyo siri yangu. Picha inakula bando kama mbuzi aliyefunguliwa shambani. Redio ya intaneti inakula kidogo, na umeme ukikatika simu inaendelea. Mechi zikionekana kwenye king'amuzi naziweka kibandani, zisipoonekana naziba sikio moja kwa spika na kumwachia mke wangu, Mama Zaina, lile jingine. Mtangazaji wa redio anakufundisha haraka kuliko runinga, maana analazimika kukueleza kila kitu, na wewe unalazimika kukiona kichwani.

Jezi usiagize popote. Nenda kwenye mivumba, yaani mitumba. Mashati ya vyuo vya Marekani yamejaa Owino na soko la Jinja, yamelala chini ya sweta za watoto, na anayeuza hajui anauza nini. La kwangu nililipata kwenye rundo la bei moja. Rangi za Michigan ni buluu na nyingine ambayo wao wenyewe rasmi wanaiita mahindi. Sitanii. Timu ya mahindi! Mganda aliyelelewa kwa posho ya shule, yaani ugali wa mahindi, anahitaji sababu gani nyingine? Na helmeti zao zina michoro ya mabawa tangu 1938, kwa hiyo hata kwenye picha mbovu ya simu utawatambua.

Ukishapata jezi, mjue adui. Kwetu ni Ohio State, jimbo la jirani, tunacheza nao tangu 1897. Siku hizi ni Jumamosi ya mwisho ya msimu wa kawaida, mwishoni mwa Novemba, saa sita mchana yao, saa mbili usiku yetu, muda mzuri hata kwa mwenye kazi asubuhi. Adui usimchukulie kwa utani wa nusu. Nilisimamisha boda siku moja barabara ya Walukuba, kijana akageuka, amevaa sweta la Ohio State, jekundu, safi. Maskini hakujua hata ni kitu gani. Nikampungia mkono apite, nikatembea kwa miguu hadi mjini.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe: kufungwa. Hakuna anayeshikwa na timu kwa kushinda. Nilirudi Uganda nikakuta timu yangu mpya inamaliza msimu wa 2008 na ushindi 3 tu na kufungwa mara 9. Kisha, kuanzia 2012 hadi 2019, Ohio State walitufunga miaka minane mfululizo. Mwaka 2015, Oktoba, tulikuwa mbele ya Michigan State, chuo kingine cha jimbo lile lile, 23–21, zimebaki sekunde 10, kazi ni kupiga mpira mbali tu, mambo yaishe. Nilikuwa nimeshavua viatu. Mpigaji akaudondosha, wakauokota, wakakimbia nao, 27–23. Niliketi kitandani na soksi moja mkononi. Mama Zaina akauliza kwa giza, "Baba Zaina, nani kapiga simu?" Nikamwambia hakuna aliyepiga simu, lala.

Siku kama hiyo ikikupata, usizime redio, usifute programu, usitafute timu nyingine ya kukupoza. Kaa. Mwandikie mtu wako. Sajini wangu tumeandikiana tangu tulipoachana, na kwa kawaida ujumbe wetu ni neno moja. Siku ile aliandika jina la Mwenyezi Mungu, basi.

Jua pia kwamba wachezaji hawakai. Kwa kawaida kijana ana misimu minne, anaondoka. Siku hizi wanahamahama vyuo kwa urahisi, na tangu 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na picha zao. Wazee wa kule wanalalamika sana juu ya hela hiyo. Mimi sina shida nayo, uwanja wao unaingiza watu 107,601, zaidi ya Namboole mbili, uwanja wetu wa taifa, na mtoto aliyewajaza anastahili kula. Ila ujumbe wangu kwako ni huu: usimpende mchezaji kupita kiasi, penda jezi, na uvumilie aibu zake. Mwaka 2023 tulichunguzwa kwa madai ya kuiba ishara ambazo wapinzani hutumiana uwanjani, kocha Jim Harbaugh akafungiwa mechi 3 za mwisho za msimu wa kawaida. Kibandani waliniita mwizi mwezi mzima. Niliendelea kufungua mlango kila jioni.

Msimu ule ule ndio tulioshinda. Ohio State 30–24. Alabama 27–20 katika muda wa ziada, usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari. Halafu fainali na Washington, iliyoanza saa tisa na nusu usiku wa kuamkia tarehe 9. Nilikuwa na watu wawili kibandani: mlinzi wa stoo ya jirani, aliyetakiwa kuwa kwake akilinda, na kijana anayekaanga chapati mlangoni pangu, aliyekuja kwa sababu ya joto la chumba. 34–13. Nilitoka nje kukiwa na mwanga, nikampigia sajini, tukakaa kwenye simu bila kuongea mpaka salio likakata.

Yule wa chapati ndiye niliyemfuatilia baada ya hapo, maana unapokuwa shabiki wa kweli utataka kumshikisha mwingine. Usimhubirie mtu kama huyo. Mpe kazi: mimi nilimpa ubao, aandike saa za mechi kwa chaki. Mwanzoni aliandika "Mishigani". Nikaacha hivyo hivyo. Nilikuwa nangojea neno moja tu kutoka kinywani mwake, na kwenye ushindi neno hilo ni bure, kila mtu analo.

Tarehe 7 Septemba 2024, Texas walikuja uwanjani kwetu. Ilikuwa wiki ya timu za taifa, ligi ya Uingereza imesimama, kibanda kitupu, chapati hazina mnunuzi. Aliacha jiko likiwaka akasimama nyuma ya mlango na unga mikononi. Wakatupiga 31–12, sisi mabingwa, nyumbani. Mwisho wa mechi alikuwa bado amesimama pale pale.

"Mzee," akasema, "kwani tumeharibikiwa wapi?"

Nikamsogezea benchi.